UZI: Firefly hadi Serenity – utazame kwa mpangilio upi, filamu ilijengwaje, na kwa nini hakuna ya pili

#1 Mzee Projekta

Wakuu, kila muvi za anga zikitajwa humu, mmoja husema Serenity ya 2005 haieleweki, mwingine husema haina mpinzani. Mara nyingi hao wawili hawakuona kitu kimoja. Wa kwanza ameingia moja kwa moja kwenye filamu, au ametazama Firefly ikiwa imechanganywa episodi. Tuliweke sawa hapa, liishe.

Firefly ni tamthilia ya Joss Whedon, akisaidiana na Tim Minear. Fox walianza kuirusha Ijumaa ya 20 Septemba 2002. Zilitengenezwa episodi 14, zikaenda hewani 11, na mwezi Desemba ikafutwa. Serenity ni filamu ya Universal iliyoendeleza hadithi ileile kwa waigizaji walewale tisa, ikaingia kumbi za Marekani tarehe 30 Septemba 2005.

Mpangilio aliokusudia mtunzi ni huu uliomo kwenye DVD ya Desemba 2003:

1 Serenity (ya kwanza, ndefu, jina sawa na filamu, msizichanganye), 2 The Train Job, 3 Bushwhacked, 4 Shindig, 5 Safe, 6 Our Mrs. Reynolds, 7 Jaynestown, 8 Out of Gas, 9 Ariel, 10 War Stories, 11 Trash, 12 The Message, 13 Heart of Gold, 14 Objects in Space. Kisha filamu.

Fox hawakuridhika na ile episodi ndefu ya ufunguzi, wakataka nyingine yenye purukushani zaidi. The Train Job ikaandikwa mwisho wa wiki mmoja ili iwe mlango mpya. Baada yake wakarusha Bushwhacked, Our Mrs. Reynolds, Jaynestown, Out of Gas, ndipo wakarudi Shindig na Safe, na kuendelea. Ile ya ufunguzi, yenye vita vya bonde la Serenity, yenye sababu ya chombo chao cha anga kuitwa Serenity na sababu ya Kapteni Mal kuichukia serikali, waliirusha tarehe 20 Desemba, ya mwisho kabisa. Yaani mtoto alipewa jina siku ya mazishi yake.

Trash, The Message na Heart of Gold hazikurushwa na Fox kabisa. Hapo ndipo filamu inapowapoteza wengi: katika Heart of Gold ndipo Inara, mmoja wa wale tisa, anaamua kuondoka chomboni. Filamu inaanza ameshaondoka. Aliyefuata Fox peke yake anabaki kujiuliza huyu dada kaenda wapi.

Muda: ile ya kwanza ni kama dakika 86, zilizobaki 13 ni dakika 44 hivi kila moja, filamu dakika 119. Jumla inakaribia saa 13. Wikiendi moja yenye umeme wa uhakika inatosha.

Tahadhari: kuanzia hapa siri za hadithi zinamwagwa bila huruma.

#2 Nyota Saba

Uzi umekuja wakati wake. Naongeza jambo moja la vitendo: programu za kupanga muvi kwenye kompyuta na televisheni huvuta majina kutoka hifadhidata za mtandaoni, na si zote zinatumia mpangilio mmoja. Kuna zinazofuata tarehe za kurushwa, kuna zinazofuata DVD. Faili lako likiandikwa S01E01, usiliamini mpaka uangalie mambo mawili. Kwanza urefu: likiwa la dakika 44, si lenyewe. Pili picha za mwanzo: likianza kwa ugomvi wa baa, hiyo ni The Train Job. Likianza kwa vita usiku, wanajeshi wamebanwa bondeni wakisubiri msaada wa angani ambao hauji, umepata.

Mkikuta zimechanganywa, badilisheni majina ya mafaili kwa mkono kufuata orodha ya mkuu hapo juu. Ni kazi ya dakika tano.

#3 BintiFesto

Mzee Projekta, shikamoo. Saa 13 ni nyingi kwa mtu anayetaka filamu tu. Kuna njia ya mkato isiyoharibu?

#4 Mzee Projekta

Marahaba binti. Ipo, ila chagua kwa kuangalia filamu inategemea nini, si kwa kuangalia ipi inachekesha. Serenity inasimama juu ya nguzo hizi:

Serenity ya kwanza, kwa sababu ya vita, na kwa sababu Simon na dada yake River wanaingia chomboni hapo. Bushwhacked, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha Reavers (wale wendawazimu wa angani wanaokula watu) wanamfanya nini aliyenusurika. Out of Gas, kwa sababu ya historia ya kila mmoja kujiunga. Ariel, ambamo Simon anampima River kwa mashine ya hospitali na kugundua walichokifanya kwenye ubongo wake: sehemu inayochuja hofu wameichuna, kwa hiyo anahisi kila kitu bila kizuizi. Bila Ariel, nusu ya filamu utaiona kama uchawi. War Stories, kwa sababu River anawapiga risasi watu watatu akiwa amefumba macho, na Kaylee anaona. Heart of Gold, dakika zake za mwisho. Objects in Space, kwa sababu wenzake wanaanza kujiuliza kwa sauti kama wanaishi na mtoto au na silaha.

Hizo saba ni kama dakika 350, chini ya saa sita. Usiikate Ariel hata kama muda umebana.

#5 Kasuku wa Kilwa

Mimi nazungumzia dakika kumi hivi za kwanza za filamu, maana hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko kote. Mwandishi ana watazamaji wa aina mbili ukumbini. Mmoja amezikariri episodi zote 14, mwingine kaletwa na rafiki na hajui hata nani ni kapteni. Ukimweleza mgeni kila kitu, mwenyeji anasinzia. Ukimfurahisha mwenyeji, mgeni anatoka.

Angalieni alivyoitatua. Nembo ya Universal, ile dunia inayozunguka, inageuka kuwa Dunia ya zamani ambayo watu wameihama. Sauti ya mwanamke inasimulia: dunia ilijaa, tukahamia mfumo mwingine wenye sayari na miezi mingi, kukawa na vita, Muungano ukashinda. (Muungano wa kwenye muvi wakuu, msianze siasa.) Unadhani ni msimulizi wa kawaida. Kumbe ni mwalimu darasani, na River mdogo ni mwanafunzi anayembishia kwamba watu hawapendi kuingiliwa maisha yao. Unadhani ni darasa. Kumbe ni ndoto, River amekaa kwenye kiti cha maabara na sindano kichwani. Simon anamtorosha. Unadhani utoroshaji unatokea sasa. Picha inaganda, mtu anatembea katikati yake: ni rekodi, na anayeitazama ni Wakala wa serikali anayemtafuta River.

Tabaka nne, na kila tabaka linapovuliwa unapata taarifa mpya bila mtu yeyote kusimama kukuhubiria. Mgeni amejua ulimwengu, ameijua serikali, amemjua msichana, amemjua kaka, amemjua adui. Mwenyeji naye anapata kitu ambacho tamthilia haikuwahi kumwonyesha, yaani utoroshaji wenyewe.

Halafu jina la filamu linatokea likiwa limeandikwa ubavuni mwa chombo, kipande cha bodi kinang'oka, na kapteni anauliza ni nini hicho. Kwa sekunde chache umejua kwamba chombo ni kikuukuu na wenyewe wamezoea. Kisha kamera inamfuata Mal bila kukatwa, kutoka chumba cha rubani hadi shehenani, kila mhudumu akipewa sentensi mbili tatu. Wash ana wasiwasi wa kutua, Jayne ana silaha nyingi kupita kazi yenyewe, Kaylee ana injini, Simon ana malalamiko, na mwisho River amejilaza kwenye ngazi ya chuma anasikiliza kila kitu. Hakuna aliyejitambulisha, na wote umewajua.

#6 fundi_waya

Kasuku, hiyo picha isiyokatwa ina kiungo kilichofichwa. Chombo kilijengwa kama seti mbili, sitaha ya juu na sitaha ya chini, na hazikuwa zimepandana. Kwa hiyo mtu hawezi kushuka kutoka juu hadi chini kwa mwendo mmoja halisi. Walipiga picha mbili ndefu na kuziunganisha kamera inapogeuka kwa kasi. Tafuteni pale Mal anaposhuka, mtahisi mgeuko mmoja wa haraka kuliko mingine.

Tena seti ya televisheni ilikuwa imeshavunjwa baada ya Fox kufuta. Filamu ililazimika kuijenga upya, na picha za DVD zilitumika kama ramani. Ukilinganisha kwa makini utaona tofauti za rangi na taa. Mpiga picha naye si yuleyule: tamthilia ilikuwa ya David Boyd, filamu ni ya Jack N. Green, ambaye kabla ya hapo alimpigia Clint Eastwood filamu nyingi. Boyd alipenda lenzi zinazovujisha mwanga, na picha ya tamthilia ina vumbi na joto. Filamu ni safi zaidi, na kuna wanaosema usafi huo umepunguza ladha. Nami naona hivyo.

#7 BintiFesto

Na kwa nini kwenye tamthilia angani hakuna sauti, halafu kwenye filamu vita vya mwisho vinapiga kelele?

#8 fundi_waya

Swali zuri. Kanuni ya Firefly ilikuwa kwamba nje ya chombo hakuna hewa, basi hakuna mlio. Unasikia gitaa au kimya. Kampuni ya Zoic iliyotengeneza picha za kompyuta iliongeza jambo jingine: kamera ya kubuni inatikisika, inavuta karibu kwa pupa, inapoteza fokasi na kuipata, kana kwamba kuna mtu ameishika mkononi huko nje. Walipata tuzo ya Emmy ya picha maalumu kwa kazi hiyo. Siku hizi tamthilia nyingi za anga zina mtindo huo na watu huona kawaida.

Kwenye filamu, vita vikubwa vimewekwa ndani ya wingu na hewa ya juu ya ule mwezi anakoishi Mr. Universe, yule mtaalamu wa kunasa mawasiliano. Kukiwa na hewa, kuna sauti. Ni mlango wa nyuma, lakini mlango halali: ukumbi wa sinema ulitaka mshindo, na kanuni haikuvunjwa.

#9 Mkosoaji Mstaafu

Mnasifia sana. Kuna mahali filamu inajipinga na tamthilia na hakuna anayesema. Kwenye episodi ya kwanza Simon anasema alilipa kundi la chini kwa chini, wao ndio waliomtoa River, wakamleta kwenye sanduku. Kwenye filamu yeye mwenyewe ameingia maabara amevaa kama afisa. Ipi kweli?

Pili, wale wanaume wawili wenye glavu za buluu waliokuwa wakimtafuta River, kwenye filamu hawapo. Wameyeyuka.

Tatu, Mal wa filamu anampiga teke raia anayening'inia kwenye gari lao wakati wa kuwakimbia Reavers. Mal wa Ariel na Out of Gas asingeanza hivyo.

#10 Kasuku wa Kilwa

La kwanza huna wa kukubishia, ni mabadiliko ya makusudi. Simon mwenye kulipa pesa ni jambo la kusimuliwa, Simon mwenye kuingia mwenyewe ni jambo la kuonekana, na filamu ilihitaji kumwonyesha kama kaka aliyetupa maisha yake yote. Wapo wanaolitetea kwamba Simon wa episodi ya kwanza alikuwa akificha ukweli mbele ya watu asiowaamini. Ni utetezi wa kushona kiraka.

La pili lina jibu, ila limewekwa nje ya skrini. Kitabu cha katuni Those Left Behind, matoleo matatu ya Dark Horse yaliyotoka kati ya Julai na Septemba 2005, ndicho daraja. Humo watu wa glavu za buluu wanamalizwa na Wakala anaitwa. Kwa upande wa utunzi uamuzi ulikuwa sahihi: adui mpya ambaye mwenyeji na mgeni wanakutana naye kwa mara ya kwanza siku moja. Chiwetel Ejiofor anamcheza bila jina na bila cheo, mpole, anaamini anachokifanya ni kibaya na kinahitajika. Ukiwarudisha watu wa glavu, unahitaji dakika kumi za kueleza.

La tatu: Mal anampiga risasi yule mtu baadaye, Reavers wanapomfikia, ili asiliwe akiwa hai. Zoe anamhoji wakisharudi chomboni kama wangeweza kumchukua. Filamu inajua kwamba Mal amekuwa mgumu. Inataka aanze chini ili awe na mahali pa kupanda, na ndiyo maana Inara na Mchungaji Book, watu wawili waliokuwa wakimrekebisha, wote wameshaondoka hadithi inapoanza.

#11 Nyota Saba

Mimi hesabu ya Reavers ndiyo inayonisumbua. Sayari Miranda ilikuwa na watu milioni 30. Serikali ikaweka dawa ya Pax kwenye hewa ili watu watulie. Wakatulia mno, wakaacha kufanya kazi, kuzungumza, hata kula, wakajiachia wafe. Asilimia 0.1 hivi ilipata matokeo ya kinyume. Sehemu moja ya elfu ya milioni 30 ni watu 30,000. Kwa hiyo kundi la vyombo tunaloliona linawezekana. Lakini wendawazimu hao wanarekebishaje injini?

#12 Kasuku wa Kilwa

Hilo filamu haikulijibu, na afadhali haikujaribu. Tamthilia ilisema ni watu waliofika ukingoni mwa anga wakachanganyikiwa, na Bushwhacked ikaonyesha kwamba aliyewaona wakifanya unyama anaweza kugeuka mmoja wao. Maelezo ya filamu hayafuti hilo la pili. 30,000 ni mbegu, waliogeuzwa baadaye ni mavuno. Kuhusu injini, angalieni vyombo vyao vinavyofuka moshi: vinaruka na kinga ya mtambo ikiwa imetolewa. Hawarekebishi, wanaendesha mpaka kife.

#13 Mzee Projekta

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo "kwa nini hakuna ya pili" inapojibiwa.

Bajeti ya Serenity ilikuwa takriban dola milioni 39. Kwa filamu ya anga ya studio kubwa mwaka 2005 hiyo ni ndogo. Wikiendi ya kwanza Marekani iliingiza kama milioni 10.1, ikawa ya pili nyuma ya Flightplan. Ilipomaliza, Marekani ilikuwa imetoa kama milioni 25.5, na dunia nzima takriban 40.

Mtu akiona 39 na 40 anasema imerudisha. Hapana. Fedha ya mlangoni si ya studio peke yake, kwa kukadiria ukumbi unabaki na nusu hivi. Weka milioni 20 mkononi mwa studio dhidi ya 39 za kutengeneza, na hujagusa matangazo wala nakala za filamu. DVD ilisaidia baadaye, lakini haikusaidia kiasi cha mtu kuandika hundi ya pili.

Sasa kwa nini waliidhinisha? Kwa sababu ya DVD ya tamthilia. Iliuza zaidi ya nakala 200,000 ndani ya miezi michache, kwa kitu kilichofutwa na ambacho hakikupewa hata nafasi ya kumaliza msimu. Barry Mendel alikuwa mtayarishaji, na Mary Parent pale Universal akaiamini. Kosa la hesabu liko hapa: mnunuzi wa DVD moja ni shabiki mmoja. Shabiki akinunua tiketi tano, bado ni shabiki mmoja. Idadi ile ilipima kina cha mapenzi, studio ikaisoma kama upana.

Kampeni ya matangazo ilirudia kosa hilohilo. Mwaka 2005 walifanya maonyesho ya awali kwa mashabiki: Mei miji 10, baadaye Mei hiyohiyo miji 20, kisha Juni miji 35. Tiketi ziliisha haraka, na kila aliyeona kelele hizo akadhani moto umewaka. Lakini waliojaa kumbi ni Makoti ya Kahawia (ndivyo mashabiki wa Firefly wanavyojiita) walewale, ambao tayari wangekuja Septemba. Mtu wa kawaida alibaki na bango lenye jina Serenity, ambalo halimwambii kama ni muvi ya anga au ya mapenzi.

#14 BintiFesto

Si wangeiita Firefly tu?

#15 Mzee Projekta

Jina Firefly lilibaki mikononi mwa Fox. Universal walinunua haki ya kutengeneza filamu ya hadithi na wahusika, si jina la tamthilia. Mtungaji wa muziki pia ni mwingine, David Newman badala ya Greg Edmonson, na wimbo wa tamthilia unausikia kwa gitaa tu majina ya mwisho yakipita.

Mgawanyo huo bado unawaumiza watazamaji. Disney walipoinunua 21st Century Fox mwaka 2019 tamthilia ilikwenda kwao, filamu ikabaki Universal. Kwa hiyo usishangae kuikuta tamthilia kwenye huduma moja na filamu haipo hapo. Si hitilafu ya akaunti yako.

#16 msee_wa_Ngara

Wadau, kwa sisi wa Nairobi mfano wa karibu ni Sense8. Netflix waliifuta Juni 2017 baada ya misimu miwili, mashabiki wakapiga kelele, ikapewa episodi moja ya kufunga iliyotoka 8 Juni 2018. Dakika 151, hiyo ni filamu hata wakiiita episodi.

Linganisheni. Serenity ilichagua swali moja, River ana nini kichwani, ikalifunga hilo na kuacha mengine. Sense8 ilikuwa na wahusika wanane katika miji minane na ikataka kumfunga kila mmoja. Matokeo: karibu wote wanabebwa hadi Paris na Naples. Capheus, yule wa matatu ya Van Damn, msimu wa pili alikuwa anagombea ubunge Nairobi. Kwenye hitimisho mambo ya Nairobi karibu hayaguswi. Na tayari msimu wa pili alikuwa amebadilishwa mwigizaji, kutoka Aml Ameen kwenda Toby Onwumere, kwa hiyo mhusika aliyehitaji muda zaidi wa kusimama tena ndiye aliyepewa mdogo.

Msimu wa kwanza sehemu za Nairobi aliziongoza Tom Tykwer, na mtaa unaonekana kama mtaa. Hitimisho halina hiyo pumzi.

#17 Mkosoaji Mstaafu

Hapo msee umenena. Ongeza na Farscape: episodi 88, ikafutwa Septemba 2002 ikiwa imeishia pabaya, mwaka 2004 ikarudi na The Peacekeeper Wars, sehemu mbili za televisheni. Ilijaribu kumeza karibu msimu mzima kwa saa tatu, na unahisi watu wanakimbia kutoka tukio hadi tukio. Star Trek ya kale ilifutwa 1969 ikapata filamu Desemba 1979, miaka kumi baadaye. Yenyewe ilipata bahati ya marudio ya kila siku kwenye vituo vya mikoa, kizazi kipya kikaizoea. Firefly ilisubiri chini ya miaka mitatu. Ilikuwa haraka mno kwa watu wapya kuijua.

Sasa niambieni kuhusu Wash. Kumuua rubani dakika ile, baada tu ya kutua salama, ni ukatili wa bei rahisi au una kazi?

#18 Kasuku wa Kilwa

Una kazi. Angalia kinachofuata. Wamejifungia kwenye ukumbi mwembamba wakisubiri Reavers. Kwa kawaida mtazamaji anajua waigizaji wa tamthilia hawafi, hasa wale tisa wa kwenye bango. Book ameshakufa, lakini yeye alikuwa nje ya kundi. Wash anapochomwa bila onyo, bila maneno ya kuaga, dhamana hiyo inafutwa. Baada yake Zoe anakatwa mgongoni, Kaylee anapigwa vishale vya sumu, Simon anapigwa risasi tumboni, na kila moja unaiamini. Asingekufa Wash, ukumbi ule ungekuwa mazoezi ya kulenga shabaha.

Gharama yake nayo ni kubwa: yeye ndiye aliyekuwa akichekesha chombo kizima, na mwendelezo wowote baada ya hapo una kiti kitupu mbele. Aliyeandika alijua anaweza kuwa anaandika mara ya mwisho.

#19 jirani_wa_Tandika

Wakuu, msaada wa haraka. Maandishi ya tafsiri yanaanza sawa, halafu kadiri muda unavyokwenda yanachelewa zaidi. Mwisho wa episodi yamebaki nyuma karibu dakika mbili. Na kwenye faili jingine hayafanani kabisa na maneno.

#20 fundi_waya

Ni magonjwa mawili tofauti, mkuu.

La kwanza ni kasi ya fremu. Video yako ni ya mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, na maandishi yameandaliwa kwa 23.976. Kwenye PAL filamu hukimbia kwa asilimia 4 hivi, episodi ya dakika 44 inakuwa 42 na kidogo, Serenity ya 119 inakuwa kama 114. Kubonyeza G na H kwenye programu ya kuchezea video ya VLC hakutakuponya: G huwahisha na H huchelewesha, milisekunde 50 kila mbonyezo, lakini kiasi hicho ni kimoja kwa video nzima, na wewe tatizo lako linakua. Fungua faili la maandishi kwenye programu ya Subtitle Edit, nenda menyu ya kusawazisha, chagua kubadili kasi ya fremu, weka kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi kwa jina jipya. Ukikosea mwelekeo litachelewa zaidi, geuza tu.

La pili ni lile la Nyota Saba hapo juu: maandishi yameitwa S01E01 kwa mpangilio wa Fox na video kwa mpangilio wa DVD. Soma mistari mitano ya kwanza, utajua ni ya episodi ipi.

Na msitafute tafsiri ya Kichina kinachosikika katikati ya maneno. Hadithi inasema waliohama Dunia waliongozwa na Marekani na China, ndiyo maana watu wanachanganya, hasa wakitukana. Imeachwa bila tafsiri makusudi. Wapo wanaoongeza tafsiri hiyo kwenye maandishi, ukiiona ifute. Mtafsiri wa kibanda umiza yeye angeshajaza matusi yake, na pengine yangekuwa bora.

Jambo la mwisho kuhusu skrini: filamu ina umbo la 2.35 kwa 1, pana kuliko televisheni. Kwenye televisheni ya inchi 32 picha itakuwa na kimo cha sentimita 30 hivi kati ya 40, na weusi wa sentimita 5 hivi juu na chini. Ndivyo inavyotakiwa. Ukibonyeza kitufe cha kukuza ili weusi uondoke, unakata pembeni, na kwenye ile picha ndefu ya chombo nusu ya watu wako pembeni.

#21 jirani_wa_Tandika

Ya kwanza imekubali, 23.976 kwenda 25. Ya pili kumbe yalikuwa maandishi ya Our Mrs. Reynolds kwenye Bushwhacked. Baada ya filamu kuna cha kusoma?

#22 Kasuku wa Kilwa

Kabla ya filamu: Those Left Behind, na Better Days ya 2008 ambayo nayo imewekwa kabla. Baada: The Shepherd's Tale ya 2010, inayomfungua Mchungaji Book kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kisha Leaves on the Wind ya 2014, matoleo sita, inayoanza pale filamu ilipoishia. Zote Dark Horse. Za kuanzia 2018 ni za BOOM! Studios, zina mpango wake.

Na zile video tano fupi za R. Tam Sessions, River akihojiwa maabara, zitazame baada ya Ariel na kabla ya filamu. Zimo kwenye toleo la DVD mbili la 2007.

#23 jirani_wa_Tandika

Nimezipanga. Naanza na lile bonde.